Maziwa Niliyorudisha Yakiwa Yamejaa

Kamembe, Jumapili, katikati ya Desemba. Mvua tangu alfajiri.

Leo sikwenda misa. Nilimwambia Védaste kwamba mgongo unaniuma, na kweli unaniuma kidogo, ila si huo ulionizuia. Mume wangu alichukua mwavuli akaondoka. Ukungu umelala juu ya ziwa, Bukavu, ng'ambo upande wa Congo, haionekani kabisa, nami nashukuru, kwa kuwa leo sina hamu ya kuona wala ya kuonekana.

Naandika kwa sababu mambo ya jana kule Nyakarenzo yamekataa kunitoka rohoni.

Nianze na lile ambalo hata humu sijawahi kuligusa. Nina mimba, inamaliza mwezi wa tatu. Hadi jana asubuhi waliojua walikuwa wawili, Védaste na muuguzi wa kituo cha afya. Kwetu mimba haitangazwi, inaachwa ijitangaze yenyewe tumbo likichomoza. Nami nina sababu yangu zaidi ya hiyo. Ile ya kwanza niliitangaza mapema mno. Nikashona vinguo, fundi wa yunifomu za shule nikageuka fundi wa vikofia. Ikaharibika mwezi wa tano.

Baada ya hapo daktari aliniuliza kama nakunywa maziwa mabichi. Nikamwambia ndiyo, na mashanza pia, maziwa ya kugandisha tuliyolelewa nayo Bukavu, nani asiyeyanywa? Akanieleza kwamba upo ugonjwa wa ng'ombe unaopita katika maziwa yasiyochemshwa, unamletea mtu homa zisizokwisha, na kwa mjamzito unaweza kuharibu mimba. Hakuniapia kwamba ndio ulioniharibia. Alisema yawezekana. Nimeishi na hiyo "yawezekana" kama mtu anayeishi na mpangaji asiyelipa wala kuhama.

Safari hii nimefuata maneno ya muuguzi bila kubisha. Maziwa yachemke hadi yapande. Nyama iive mpaka ndani, isibaki na wekundu. Kabichi mbichi ya karamuni niiache, sijui imeoshwa kwa maji gani. Pombe hapana, hata ile ya ndizi ya nyumbani.

Nyumbani ni rahisi, sufuria ni yangu na moto ni wangu. Kazi ipo karamuni, na Desemba yetu ni karamu juu ya karamu. Nimekwenda ubatizo, nimekwenda komunyo, na kote nimejifanya mgonjwa wa gastrite, ule uchungu wa tumbo. Nakula ndizi za moto na maharage, mishikaki naipitisha kwa jirani. Watu wananihurumia, nami napokea huruma nisiyostahili.

Jana gastrite isingenisaidia. Kwetu mwenye tumbo bovu ndiye anayepewa maziwa kwanza.

Tulikwenda kumposea mdogo wangu Innocent. Binti anaitwa Diane, na nyumba yao inatazamana na ile tuliyopewa tuliporudi kutoka Congo vita vya kwanza vilipoanza. Sisi tulikuwa wa kurudi, tumezaliwa ng'ambo, Kinyarwanda chetu kimejaa Kiswahili. Mama Diane alikuwa wa kubaki. Mume wake alikuwa amevuka daraja kwenda Congo na umati wa waliokimbia baada ya mauaji ya 1994, na hakurudi tena. Kati ya nyumba zile mbili palikuwa na njia ya miguu tu, lakini hakuna aliyekuwa na haraka ya kuipita.

Noeli yetu ya kwanza pale, Mama Diane alimwalika baba. Baba aliona ni jambo jema, akaenda, akanywa pombe yake ya ndizi, akarudi akiimba. Kabla ya mwaka mpya akaanza kuumwa tumbo na homa, na hakuona Pasaka. Hospitali walisema tifoidi. Kilima, watu wote wa pale, kilisema kingine.

Walisema amerogwa. Sumu ya kikombe.

Mama yangu hadi anakufa hakuturuhusu kunywa hata maji katika nyumba ile, na si sisi peke yetu. Kwa miaka mingi Mama Diane alipika kwenye matanga, akapika kwenye ubatizo, na chakula chake kikalala kwenye sahani. Alikuwa akibeba nyanya kwenda kuziuza Bukavu, kwa watu wasiojua habari zake. Halafu Innocent, kati ya wasichana wote wa Rusizi nzima, akampenda Diane.

Kwa hiyo posa ya jana haikuwa posa tu. Tulikuwa tunakwenda kula mbele ya watu, ili lile neno life. Innocent alinibembeleza wiki nzima. Ndugu wa Bukavu hawakuweza kuvuka, kule vita vimeanza tena, basi upande wetu tulikuwa wachache na mimi, dada mkubwa wa yatima, nikakalishwa mbele. Kulia kwangu alikaa shangazi, dada yake baba, aliyetoka Mururu na uso wa mtu anayekwenda kutoa ushahidi.

Nilitegemea fanta. Kila gusaba, yaani posa, siku hizi ni fanta na bia.

Mama Diane akatoka na inkongoro, kile chombo cha mti cha maziwa, amekishika kwa mikono miwili. Maziwa ya ng'ombe wake mmoja, yamekamuliwa asubuhi ile. Hakumpa mshenga wetu, alinijia mimi. Akafanya kama desturi inavyotaka, mwenye nyumba aonje kwanza ili mgeni ajue hakuna kitu. Alionja funda zima, polepole, watu wote wamwone. Akapangusa ukingo. Akaninyooshea.

Nilikipokea. Nikakileta mdomoni, midomo ikalowa, koo nikalifunga. Nikatabasamu, nikashukuru, nikakirudisha.

Nilidhani nimefanya kwa ustadi. Lakini chombo kina uzito wake, na aliyekijaza anaujua. Niliona macho yake yanashuka ndani ya chombo, halafu yanapanda kwangu. Akasimama palepale katikati ya ua, akayanywa yote, mpaka kitako cha chombo kikaangalia juu.

Wazee wa upande wao waliinamisha vichwa. Innocent aliniangalia, na Diane, amesimama mlangoni na nguo yake ya sherehe, akarudi ndani. Védaste, mwanamume mmoja tu aliyejua, akatazama viatu vyake.

Shangazi akanigusa goti, akaninong'oneza:

"Umefanya muzuri, mwana wangu. Baba yako anakuona."

Afadhali angenipiga kofi.

Pale ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nimemchukua mwanamke ambaye amengoja miaka hii yote mtu mmoja wa nyumba yetu anywe kwake, nami nimemkataa mbele ya kilima kizima, tena kwa tabasamu. Nikasingizia haja, nikamfuata jikoni nyuma ya nyumba.

Alikuwa peke yake, anapanga sahani ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Mimi na yeye huzungumza Kiswahili cha soko la Bukavu, na jana pia ndicho alichoniambia, bila kugeuka.

"Weye pia unaniogopa."

Nikamwambia. Nilisema haraka, kama mtu anayetapika.

"Niko na mimba, Maman. Ile ya mbele iliharibika, daktari akasema pengine ni maziwa mabichi. Si weye naogopa. Ni maziwa."

Akaniuliza iko mwezi ya ngapi, nikamjibu. Alinishika mkono, na nikadhani mambo yamekwisha, nimesamehewa, nirudi zangu nikakae na siri yangu. Haikuwa hivyo.

"Mimi nimesikia na nimeamini," alisema. "Lakini kuniambia huku mu cuisine haisaidie jina yangu. Batu baliona kule inje."

Alisema kweli tupu, na mimi nikaichukia. Nikimsafisha yeye, siri yangu inatoka. Nikiitunza siri, yeye anabaki mchawi, na Diane anakuwa binti wa mchawi, na Innocent ataoa au ataacha kuoa, vyote viwili kwa uchungu. Nilisimama pale mkono tumboni. Ninakiri, nilitamani kwenda nyumbani. Nilitamani aniambie basi, si kitu, binti yangu, nenda.

Hakuniambia. Alikuwa anangoja.

Nikamwomba achemshe maziwa mengine, nitayanywa nje.

Hapo naye akasita. Msomaji wa mjini atacheka, lakini watu wa rika lake hawaweki maziwa kwenye moto. Wanasema ukiyachemsha chuchu za ng'ombe zitapasuka, atakauka. Na yule ndiye ng'ombe wake wa pekee. Aliutazama moto, akanitazama mimi.

"Tangu nizaliwe sijafanya hii," alisema. Akamimina maziwa kwenye sufuria, akaisogeza kwenye mafiga.

Tulisimama wote wawili kuyatazama. Yalikaa muda mrefu bila kufanya lolote, halafu yakaanza kutetemeka pembeni, halafu yakapanda kwa mara moja hadi ukingoni, naye akayaipua kwa kitambaa. Akanimiminia kwenye kikombe cha bati. Akatangulia kutoka, nami nikafuata na kikombe kinafuka moshi.

Kila mtu aliuona ule moshi. Katika posa, mbele ya wazee, maziwa ya moto. Nilisimama pale pale alipokuwa amesimama yeye, nikanywa, nikapuliza, nikanywa, mpaka kikaisha. Sikutoa hotuba. Wanawake wa kilimani hawahitaji hotuba. Waliangalia kikombe, wakaangalia tumbo langu, na mmoja aliyeketi nyuma akapiga vigelegele, na wengine wakampokea.

Mazungumzo yakaendelea. Ng'ombe wa mahari wakakubaliwa. Watu wakala, na nilimwona Mama Diane anakusanya sahani tupu kutoka upande wetu, anazitazama moja moja kabla ya kuzipanga.

Ningependa kuishia hapo. Ingekuwa hadithi nzuri ya kusoma siku ya mvua.

Lakini wakati wa kuagana shangazi alinivuta kando, akaniambia sumu haifi kwa moto. Alisema kwa upole, kama anayenipa dawa. Njiani Védaste naye hakuniuliza kitu ila kusema kwamba sasa wote wanajua. Najua anachoogopa. Ndiye aliyevikunja vile vinguo mara ya kwanza, akavipeleka sijui wapi, sijamuuliza hata leo.

Na asubuhi hii nimeamka mgongo unauma.

Muuguzi aliwahi kuniambia mgongo kuuma miezi hii ni jambo la kawaida. Ninalijua hilo. Lakini nitaandika ukweli, maana nisipouandika humu nitauandika wapi. Kitu cha kwanza kilichonijia, kabla ya Mungu, kabla ya Védaste, kilikuwa kile kikombe cha bati. Nilijiuliza: alipokijaza, alionja?

Hakuonja. Nimekumbuka vizuri kabisa. Yale ya kwanza aliyaonja mbele ya watu wote, haya ya pili alinipa hivihivi, nami sikungoja. Tulilisahau lile funda la kuonja, sote wawili. Jana kusahau huko kulikuwa ndicho kitu kizuri kuliko vyote vya siku ile, na leo alfajiri, kwa sababu ya mgongo, nilikuwa nimekwisha kukigeuza kuwa shtaka. Basi neno la kilima halikukaa kwa shangazi tu. Mama alininyonyesha nalo.

Ndiyo sababu sikwenda misa. Niliona haya.

Nimekaa na chai hii nikawaza zaidi, na kinachonitisha sasa kimebadilika. Mimba ya miezi mitatu ni kitu cha kuombea, si cha kuahidi. Inaweza kwenda kama ilivyokwenda ile, bila mkosaji. Ikienda, kilima hakitasema yawezekana. Kitasema baba alikunywa kwake akafa, binti alikunywa kwake mtoto akafa. Diane atakuwa ameshaingia nyumbani mwetu, au hataingia kamwe. Nilitaka kumsafishia jina, na nimelifunga jina lake kwenye tumbo langu.

Ndipo nikaamua kuandika hapa mtandaoni badala ya daftari, hapa ambapo Innocent anasoma, na binamu zangu wa Bukavu wanasoma, na wao ndio watakaompigia shangazi simu. Mvua ikipungua nitakwenda kituo cha afya nikamwonyeshe muuguzi huu mgongo. Wiki ijayo nitapanda tena Nyakarenzo, nikae uani kwa Mama Diane, nile chakula chake cha moto mchana kweupe, na nitamuuliza ng'ombe anaendeleaje.

Na kama huyu mtoto hatafika, mnisikie leo nikiwa mzima na akili yangu timamu, kabla machozi hayajanifundisha kusema lingine. Yale maziwa yalichemka. Nilikuwepo. Niliyaona yakipanda.