Siku Kompyuta Yetu Ilipoacha Kuganda

Manchester, Uingereza
Jumapili baada ya kanisa, 1975

Mama yangu mpendwa,

Hujambo huko Molo? Kifua chako kinaendeleaje na hiyo baridi ya asubuhi? Viazi vimetoka vizuri, au mvua imeviozesha tena? Mimi ni mzima, nakula nashiba, na sweta uliyonifumia haijanitoka mwilini tangu majani ya huku yaanze kupukutika. Nakuambia mapema ili moyo wako utulie: barua hii ni ya furaha tupu.

Na wewe dada Rispa unayemsomea mama, tafadhali soma yote. Nakujua vizuri. Barua iliyopita uliruka sehemu ya mashine, ukamwambia mama, "Anasema yuko salama," ukarudi kusahihisha madaftari ya wanafunzi wako. Leo ukiruka utakuwa umemnyima mama utamu wote.

Mama, kwa kuwa uliibiwa habari, nianze upya. Kampuni iliyoniajiri inaunda kompyuta. Ofisi moja kubwa ya Nairobi ilitaka kununua moja, na wakubwa wake walikuwa waje hapa waione ikifanya kazi siku nzima bila kusimama. Wakiridhika, mashine itasafirishwa Nairobi, nami nitatumwa nayo niwe mtunzaji wake, kazi ya kudumu, nyumbani. Wasiporidhika, mkataba wangu unakwisha na hakuna mwingine. Ningebaki huku huku nikibisha hodi kwenye kampuni za watu, kwa sababu kule kwetu hakuna mashine nyingine ya namna hii ambayo ningepewa kuitunza. Kwa hiyo kila siku nilipoitazama ile kompyuta sikuona chuma. Niliona tiketi yangu ya kurudi, na tiketi yenyewe ilikuwa mgonjwa.

Kompyuta nyingi zina kichwa kimoja cha kufikiri. Hii yetu ina viwili, vinavyovuta pamoja kama ng'ombe wawili kwenye plau moja. Vyote vinatumia diski zile zile, yaani mabamba ya duara yanayozunguka ndani ya kabati na kutunza habari. Katikati kuna sanduku tunaloliita kontrola. Kazi yake ni kupokea maombi ya vichwa: nisomee hiki, niandikie kile. Na juu ya wote kuna programu kuu, inayoamua nani atumie kitu gani na wakati gani. Kipande cha programu hiyo kinachozungumza na kontrola nilikiandika mimi.

Basi mashine ilikuwa inaganda. Inachapa kazi vizuri tangu asubuhi, halafu ghafla, kimya. Diski zinazunguka, taa zinawaka, lakini hakuna kinachotoka. Ukibonyeza hiki haijibu, ukibonyeza kile imenuna tu. Dawa ilikuwa kuizima na kuiwasha upya, na kazi yote iliyokuwa ndani imepotea. Watu wa programu walisema kontrola ni mbovu. Watu wa kontrola walisema programu ni mbovu. Kila upande ulipima vitu vyake peke yake ukaviona vizima kabisa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: kampuni nyingine zilisikia habari zetu zikawa zinatucheka.

Aliyeunda kontrola ni Singh mmoja, Mhindi wa kufunga kilemba, kwa jina Surjit. Nilimjua siku bisibisi ilipomwangukia mguuni, akailaani kwa Kiswahili. Nilisimama palepale.

"Ndugu, wewe ni wa wapi?" nikamuuliza.

"Mimi ni mtu ya Nakuru, bwana! Baba alikuwa na garage ya malori, zile zinabeba viazi kutoka Molo. Na wewe?"

"Nimelelewa Nakuru hiyo hiyo, kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli."

"Kumbe sisi majirani! Na unanyamaza tu hapa kama mgeni?"

Tangu siku hiyo tunakula mchana pamoja. Yeye huleta chapati na dengu, mimi huleta hamu ya kula. Sasa mama, undugu huu ndio uliotutia matatani. Bosi wetu, Bwana Whitlow, alituita sisi wawili akasema anataka kujua kosa ni la nani kabla wageni hawajafika. Nilimtazama Surjit, naye akanitazama. Mtu wa kwenu ni mtu wa kwenu, hata akifunga kilemba na wewe huna. Nilirudi kwenye programu yangu nikaiwekea mapumziko mafupi kila inapotaka kuiomba kontrola kitu, ili kama sanduku la Surjit ni dhaifu, lisizidiwe. Sikumwambia mtu. Kumbe Surjit naye, kimya kimya, alilipunguzia sanduku lake mwendo, ili kama programu yangu ina papara isijikwae. Kila mmoja alikuwa anamsitiri mwenzake!

Kuganda kukapungua, Bwana Whitlow akaanza kupiga mluzi, na sisi tukajiona wajanja. Lakini ugonjwa haukupona, ulijificha. Mashine ingekaa vizuri siku kadhaa, halafu igande wakati hakuna aliyejiandaa, na tukiifuatilia hatuoni kitu. Mficha uchi hazai, mama, na sisi tulikuwa tumeuficha kabisa. Nilianza kukosa usingizi, maana niliona wazi itaganda mbele ya wageni.

Wiki ya mwisho, tukiwa kwenye chakula, Surjit alisukuma sahani yake pembeni.

"Nataka kukuambia maneno. Hiyo sanduku yangu, mimi nilifanya iende pole pole. Kwa sababu yako."

"Kwa sababu yangu?"

"Ndiyo. Nilijua program yako iko na makosa, nikasema, wacha nisaidie kijana ya Nakuru."

Dengu ilinipalia. "Surjit, hata mimi nimepunguza mwendo wa yangu. Kwa sababu yako."

"Yangu?" Alisimama kabisa. "Sanduku yangu haina makosa!"

"Na programu yangu je?"

Tulinuniana pale kama watoto, kisha tukaangua kicheko mpaka watu wa meza nyingine wakageuka. Nikamwambia, "Toa yako na mimi nitoe yangu. Tuiache ikimbie mpaka ianguke."

"Whitlow atatukata kichwa."

"Wageni wakiikuta imelala atakata vyote, vyetu na vya mashine."

Tukatoa. Mama, iliganda kabla chai yetu haijapoa. Tukaiwasha, ikaganda tena. Nilipiga makofi na Surjit akaruka, Wazungu wakadhani tumepagawa. Hawakuelewa kwamba ugonjwa unaokuja kila mara unaweza kuukamata shingo.

Mbele ya kila kichwa kuna ubao wa taa ndogo zinazoonyesha kinafanya nini. Siku zote tulisema vichwa vimekufa. Safari hii niliinama nikatazama kwa karibu, nikaona havijafa hata kidogo. Taa zilikuwa zinapepesa upesi upesi, zile zile, bila kubadilika. Kila kichwa kilikuwa kinauliza swali moja bila kuchoka: umemaliza? umemaliza? Kusoma diski kunahitaji vitu viwili, zamu kwenye kontrola na nafasi ya kuweka kile kitakachosomwa. Nilisimamisha kichwa cha kwanza, nikasoma taa zake, nikatafuta mahali pake kwenye programu. Kilikuwa kimeshika zamu, kinangoja nafasi. Surjit akasoma taa za cha pili. Kilikuwa kimeshika nafasi, kinangoja zamu. Kila kimoja kimekumbatia kitu ambacho mwenzake anakihitaji, na vingengoja hivyo mpaka Yesu arudi.

Nilikaa sakafuni nikacheka, maana nilikuona wewe na jirani yetu Mama Akinyi. Unakumbuka Pasaka ile kule landi, wageni wetu na wa kwake walipofika pamoja? Jiko la kutosha wageni lilikuwa moja na sufuria kubwa moja, vya nyumba mbili. Wewe ulichukua sufuria, ukaisugua, ukangoja jiko. Mama Akinyi alichukua jiko, akawasha mkaa, akangoja sufuria. Wewe ukasema siwezi kumharakisha dada yangu katika Bwana. Naye akasema vivyo hivyo. Wageni waliimba nyimbo zote za kitabu wakarudia, na sisi watoto tukalala chini ya meza kwa njaa. Hakukuwa na mkorofi hata mmoja, heshima tu. Baadaye mkakubaliana kwamba asiyeshika jiko kwanza asiguse sufuria, na tangu siku hiyo hatukulala njaa.

Basi niliandika sheria hiyo hiyo kwenye programu: kichwa chochote kishike zamu kwanza, ndipo kiguse nafasi. Nilipopekua nilikuta mahali pamoja ambapo nilikuwa nimeanza na nafasi, kwa sababu kwenye mashine ya kichwa kimoja utaratibu huo haudhuru kitu. Surjit hajaacha kunikumbusha kwamba sanduku lake halikuwa na makosa. Tuliiwasha. Ikafanya kazi mpaka jioni, kesho yake ikafanya kazi, na keshokutwa. Bwana Whitlow aliponiuliza nimefanya nini, nilimweleza habari za jiko na sufuria. Alicheka mpaka akavua miwani. Siku hizi ofisi nzima wanaiita sheria ya jiko, kwa Kiswahili, ingawa matamshi yao ni balaa.

Wageni walifika. Mkubwa wao alikuwa mzee wa makamo mwenye suti nyeusi, mtu wa kwetu, hacheki ovyo. Aliketi mbele ya mashine toka asubuhi. Alasiri, mashine ya kuchapa ilinyamaza ghafla. Mama, nikajua imeganda. Surjit alikwenda akafungua kifuniko, akageuka, akasema kwa sauti ambayo hata wewe ungeisikia, "Karatasi imekwisha!" Akaweka nyingine, ikaendelea kuchapa. Kompyuta yenyewe ilifika jioni bila kusimama hata mara moja.

Yule mzee aliinuka akamuuliza Bwana Whitlow ni nani atakayekwenda nayo. Whitlow akaninyooshea mkono. Mzee akaniuliza kwa Kiswahili, "Kijana, wewe mtu wa wapi?"

"Nakuru, mzee. Mama yuko Molo."

"Haya, funga mizigo. Hii chuma inakuja kwetu na wewe."

Nilitaka kujibu kwa adabu, machozi yakanitoka mbele ya wakubwa, na sioni haya kukuambia. Nimeshinda, mama! Surjit alinishika mkono na hakuniachia upesi. Watu wake wote wamehamia huku, hana wa kumrudia. Alisema tu, "Ukifika Nakuru, pita pale kwa garage yetu. Uangalie kama bado inafungua mlango asubuhi." Nimemwahidi, na mimi mwenyewe nitamwandikia nilichokiona.

Mashine itakwenda kwa meli, mimi kwa ndege mwanzo wa mwaka. Msalimie sana baba mdogo anayetuchungia ng'ombe, umwambie asiuze dume bila kunijulisha. Msalimie Mama Akinyi, rafiki yako wa tangu landi, na asinikasirikie kwa kumtangaza Ulaya. Shemeji, mume wa Rispa, nakuja kukudai mbuzi wa kunikaribisha, tena mnono. Watoto wa dada, mjomba wenu anakuja. Na wewe Rispa, asante kwa kusoma mpaka hapa bila kuruka.

Mama, Rispa aliniandikia kwamba kila usiku, kabla ya kuombea kitu kingine, unamwomba Mungu anirudishe. Usiku wa leo mshukuru, kisha uombe jambo lingine. Hili amekwisha kulijibu.

Mwanao akupendaye,
Wekesa