Kikohozi cha Mama kwenye Simu

Kaka Shouren,

Umeandika, "Peizhen alishinda kwa sababu tulimficha msiba." Uongo, Kaka! Tena uongo niliokusaidia kuutunga.

Hapa Changde mvua imeozesha kabichi zote. Mwanao Peizhen amerudi na medali ya dhahabu na kifundo cha mguu kilichovimba. Jana alikaa kwenye kitanda cha marehemu Mama, akaniuliza, "Shangazi, siku ile kabla ya mashindano, kwenye simu, ni wewe uliyekohoa?"

Wewe ndiye uliyeniambia niige sauti ya Mama, wiki tatu baada ya kumzika.

"Unakohoa vibaya, Shangazi," akacheka. "Tangu nipelekwe shule ya michezo nina miaka mitano, kila simu Bibi alianza kwa kuniuliza kama nimekula. Wewe hukuuliza."

Kwa hiyo alijua. Alipanda juu ya boriti ya jimnastiki akijua, akaruka, akatua bila kuyumba, akatabasamu kama asiyejua, kwa kuwa sisi tulitaka asijue.

Acha kuusimulia uongo huo kwenye karamu za ushindi wake. Wewe na mkeo, njooni kabla ya siku ya kufagia makaburi. Mpelekeni mtoto kaburini, mmwambie ni tarehe gani Bibi yake alikufa. Hajui bado alie kuanzia siku ipi.

Mdogo wako,
Suqin