Jumanne Nani Aingie na Anneth kwa Daktari?

Anti Lilian mpendwa, naomba unisaidie, maana nina jambo la aibu na bado nikilikumbuka najiona mtu. Binti yangu Anneth ana miaka sita, tangu mwaka jana anachafua nguo ya ndani, shuleni wanamcheka, na kila tarehe ya kliniki baba mkwe wangu ndiye anampeleka Tukuyu kwa sababu mume wangu Hosea anafanya kazi mbali, mimi nafuata kwa bodaboda nyingine, kwani huku kwetu mkamwana hakai karibu na baba mkwe wala hazungumzi naye, sembuse habari za choo, hivyo wanaingia wao, mimi nabaki nje kwenye benchi. Mzee anampenda mjukuu wake, lakini anaona nguo zimechafuka tu, anasema, "Anaharisha," wanapewa dawa ya kuzuia kuhara, na mimi ninayezifua najua mtoto anamaliza wiki bila choo cha maana, anajikamua hadi analia, tumbo gumu, nikanyamaza miezi minane.

Mwezi uliopita mlango ulikuwa wazi, daktari mgeni akauliza mtoto alipata choo lini, mzee akajibu, "Kila siku, daktari." Anti, sijui nguvu niliitoa wapi. Niliingia, nikageukia ukutani, nikasema, "Siku tisa hajapata. Hicho kinachotoka ni majimaji tu." Daktari akampapasa tumbo, akasema choo kigumu kimejaa, majimaji yanapenya pembeni. Dawa ikabadilishwa, sasa Anneth anakwenda msalani akiimba! Lakini mzee anasema nimemvua nguo mbele za watu, na ameagiza kliniki ya Jumanne hii nibaki nyumbani. Nimwachie ili nyumba itulie?

Mama Anneth, Kisondela

Mama Anneth, barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini na wenzangu wamepiga makofi. Hongera sana, mwanamke! Sasa nikugombeze kidogo. Miezi minane mtoto anakunywa dawa isiyo yake na wewe unajua? Na huyo Hosea, simu yake haina chaji?

Mpigie leo. Amweleze baba yake mwenyewe, mtu na mzazi wake, kwamba mama ndiye ataingia. Kwa kuingia bila hodi, mtume mama mkwe akuombee radhi. Kwa ulichosema, usiombe radhi hata kidogo. Mzee akitaka kusindikiza, karibu, benchi lipo.

Chukua daftari, andika kila siku: amepata choo au hakupata, kigumu au laini, dawa amekunywa au kaitema. Msomee daktari hata akiwa na haraka. Uliza dawa inaendelea hadi lini, wala usiikatishe kwa sababu mtoto ameanza kuimba. Akitapika, tumbo likivimba au ukiona damu, usingoje tarehe, mwahishe hospitali.

Jumanne wakiuliza nani anamsemea mtoto huyu, jibu bila kuinamisha uso: "Mimi, mama yake."