Kibarua Asiye na Jina

Flemingdon Park, Ontario, Alhamisi, Novemba 2013

Nimeifuta. Kwa mkono wangu mwenyewe, na hakuna aliyenilazimisha.

Mwezi mzima nimekuwa nikiandika maelezo ya maonyesho ya jumba letu la makumbusho kuhusu yule bwana wa karne ya kumi na tisa, aliyezunguka Ontario akiwashawishi matajiri wajenge reli, tena akabuni breki yake ya treni, ambayo sasa iko kwenye maonyesho. Siku ya kuijaribu, breki ilikataa. Kibarua mmoja akafa. Niliiweka habari hiyo katika sentensi moja tu.

Leo bosi akaniambia, kwa ule upole wake unaoniudhi, "Wanjiru, watu watakuja na watoto. Hii tuitoe, tubaki na uvumbuzi."

Nikasema sawa. Mimi huyu, mwenye mdomo!

Saa ya chakula nikampigia simu mama, aliye Nakuru, nikitumaini atanitetea. Akauliza, "Huyo marehemu aliitwa nani?"

Nikamwambia jina halikuandikwa popote. Karatasi zote zinasema "kibarua mmoja", basi.

"Kwa hivyo hata mtoto wa kuitwa jina lake hakuna," akasema.

Kwetu mtu akifa hapotei kabisa, maana mjukuu hupewa jina lake. Mimi ni Wanjiru kwa sababu nyanya yangu alikuwa Wanjiru. Lakini huyu, duniani kote, alikuwa na ile sentensi yangu tu.

Nilitaka kurudi kwa bosi nimwambie... Sikurudi.

Kabla ya kutoka kazini nilichukua kitambaa, nikaipangusa ile breki iliyomuua mpaka ikang'aa, tayari kwa watoto watakaokuja.