Aya Niliyoiondoa Kwenye Risala

Mama Kulwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza na wewe bila shikamoo, hata baada ya niliyoyafanya. Naandika nikiwa dukani. Cherehani nimeifunika, na magauni mawili ya watu yananisubiri. Wenyewe watanisema. Waniseme tu, nimeshazoea.

Tangu tukuzike, Baba Kulwa amehamia chumba cha mbele. Anasema kile cha nyuma kimekuwa kikubwa mno. Kulwa amerithi mkoba wako wa uhudumu wa afya, ule uliokatika mkanda nikaushona kwa uzi wa viatu, na anazunguka nao nyumba kwa nyumba akiwauliza wajawazito kama wamekwenda kliniki. Hana uvumilivu wako. Wewe ulikuwa unakaa, unamsaidia mtu kuchambua mchicha wake, ndipo unauliza. Yeye anauliza akiwa bado mlangoni. Lakini wanamsikiliza, maana ana macho yako.

Nesi bado ni yule yule mmoja. Akienda Ushirombo kuchukua chanjo, au akiitwa semina, zahanati inafungwa kwa kufuli. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Unakumbuka ulivyokuja hapa dukani na wazo lako. Ulisema tangu wachimbaji waje huku kwetu watu wamekuwa wengi kama siku ya mnada, na nesi mmoja hatoshi, kwa hiyo wananchi tuombe wa pili kwa maandishi. Ukaniambia, "Katibu, wewe una mwandiko, mimi nina miguu." Nikavimba kichwa. Ukatibu wa kamati ya zahanati mimi niliuona ni cheo, wewe uliuona ni kazi.

Ukatembea. Hakuna aliyekutuma. Asiyejua kusaini ulimpaka wino wa peni kwenye dole gumba, ukamshika mkono, ukamgandamizia kwenye karatasi taratibu kama unamkanda. Wewe ulisoma hadi la saba, mwandiko wako unasomeka vizuri tu, lakini kwenye karatasi ya kwanza uliweka dole ili wengine wasione aibu. Ukafika mpaka machimboni. Kule vidole vya watu vimelika kwa mawe, wengine waliacha doa tu, halina mstari hata mmoja. Nikakuambia haya hayatakubaliwa. Ukacheka mpaka ukashika meza yangu. "Wakiyakataa waje wamtafute mwenye doa. Watamkuta shimoni."

Kisha tukasikia mgeni rasmi anakuja kuzindua madarasa. Kamati ikakubaliana kwamba kwenye risala ya kijiji iwemo aya moja ya nesi wa pili, na karatasi zako zikabidhiwe pamoja na risala. Kuandika na kusoma nikapewa mimi.

Mama Kulwa, niliiondoa ile aya.

Mtendaji wa kijiji aliniambia neno moja tu: "Katibu, risala isiwe ya kulalamika sana." Hakusema toa. Nimetamani mara nyingi angesema toa, nipate wa kumlaumu. Niliitoa mwenyewe, asubuhi, hapa hapa mezani, suti yangu ikiwa imenyooshwa na kutundikwa ukutani. Niliogopa kuonekana mtu wa kuleta maneno mbele ya wakubwa. Tena nilitaka kusifiwa, hilo nalo niliseme. Mahali pa aya yako nikaandika kwamba huduma za afya katika zahanati yetu zinaendelea vizuri.

Wewe hukusikia kwa sababu ulikuwa nyuma ya madarasa unawapikia wageni pilau. Orodha ya wapishi niliiandika mimi. Siwezi kusema ilitokea tu.

Mgeni rasmi akanishika mkono, akanisifia mwandiko. Nilikuwa bado natabasamu ulipokuja, macho mekundu kwa moshi, kanga imefungwa kiunoni. Ukauliza, "Umesoma?" Walikuwepo waliokwisha kukuambia kwamba habari ya nesi hawakuisikia. Nikakujibu, na jibu nilikuwa nimeliandaa: "Mambo mazito hayasomwi hadharani, Mama Kulwa. Yamo ndani ya bahasha." Ukanishika mkono kwa mikono yako miwili, ukanishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana, Katibu."

Ndani ya bahasha mlikuwa na risala peke yake. Karatasi zako zilikuwa dukani, chini ya vitenge.

Baada ya hapo ukaanza kusubiri, na kunitetea. Ndiyo inayoniuma kuliko yote. Watu walipoanza kunung'unika kwamba hakuna majibu, uliwaambia Katibu ameshapeleka, serikali ina mambo mengi, tuwe na subira. Kwangu ulikuwa ukipita unauliza kwa adabu, "Bado kimya?" Nami nasema, "Bado kimya." Mara mbili niliamua kukuambia ukweli. Mara ya kwanza ulikuja na mteja. Mara ya pili ulikuja peke yako, na nikakuambia tu kwamba mkanda wa mkoba umeshakuwa tayari.

Siku ile ulikuwa unapima watoto uzito nje ya zahanati. Nesi alikuwa amefuata chanjo, mlango umefungwa. Mimi nilikuwa nakuona kutoka hapa, duka langu si linatazama kule? Niliona umeshika kichwa, kisha ukakaa chini na mtoto wa watu mkononi, hukumwachia mpaka mama yake alipomchukua. Nikakimbia. Unajua nilifanya nini nilipofika? Nilivuta kufuli. Nalijua limefungwa, nalivuta tu. Tukakupakia kwenye bodaboda, Kulwa nyuma yako amekukumbatia. Kule hospitali walisema ni presha, na kwamba ungepata wa kuishusha mapema, huenda.

Huenda. Sijui, Mama Kulwa. Pengine hata nesi wa pili angekuwepo ungekwenda tu. Najiambia hivyo nikiwa napiga pasi, nikimaliza naona sikuamini.

Na bado sikusema. Msibani wakanipa niandike wasifu wako, maana Katibu ana mwandiko. Nikasoma ulivyojitolea, ulivyotembea jua na mvua. Watu walilia. Katekista akanipa mkono, akasema nimekutendea haki. Nilikula ubwabwa wa msiba wako nikiwa nimekaa karibu na mume wako.

Ningeendelea hivyo mpaka uzeeni, nakuambia ukweli wangu. Kilichonitoa ni mwanao. Arobaini ilipopita Kulwa akasimama kwenye mkutano wa kijiji, akasema Jumatatu anakwenda wilayani kuwauliza kwa nini waliikalia barua ya mama yake mpaka akafa. Watu wakampigia makofi. Mimi nikamwona anaingia kwenye ofisi za watu, anadai barua ambayo haikufika, anawatuhumu wasiohusika, anachekwa na kuonyeshwa mlango. Na angerudi akiamini mama yake alikuwa anaota tu.

Nikamfuata nyumbani na karatasi zimefungwa kwenye kipande cha kitenge. Alikuwa anafua. Nikamwambia yote, hata habari ya orodha ya wapishi. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alifuta mikono, akafungua ile karatasi ya kwanza, akalitafuta dole lako mpaka akalipata, akaliangalia. Kisha akaniambia, "Baba Neema, uliyaficha mbele ya watu, kayaseme mbele ya watu." Hakuniita Katibu. Cheo alishaniondolea kabla ya kijiji.

Nikasimama mkutanoni. Nimesoma risala nyingi, lakini siku ile sikuwa na karatasi, na bila karatasi mimi si msemaji. Nilisema kwa kukatakata. Mama mmoja, ambaye ulimsindikiza kujifungua, akatoka nje ya mkutano bila kunitazama. Wachimbaji wawili walinitukana, na hakuna aliyewanyamazisha. Ukatibu wamenivua, umepewa Kulwa, mbona umechelewa kumfikia. Ila wamesema karatasi zile zimechakaa na wengine wameshahama, kwa hiyo safari ya wilayani isubiri, zikusanywe upya, na wa kuzikusanya ni mimi, kwa miguu yangu. Kila mlango nianze kwa kueleza kwa nini za kwanza hazikwenda.

Nimetembea, Mama Kulwa. Sasa ndiyo naijua kazi uliyoifanya. Kuna wanaonifungia mbwa, kuna wanaomfungulia. Kule machimboni mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia rudia, hajasikia vizuri. Alisikia. Nikarudia.

Kwenu nilikwenda mwisho, jana. Baba Kulwa aliniletea kigoda. Akaweka dole lake. Halafu akabaki ameshika karatasi, akaniuliza, "Na la mwenyewe tunaliweka wapi?"

Marehemu haombi nesi. Nikaondoka na swali lake njia nzima, na leo nimekwenda kwa Kulwa tumekaa tukaandika ile aya tena. Haianzi na shukrani. Inaanza na siku uliyoanguka, mlango umefungwa, na jina lako kamili. Mwandiko ni wake, mimi sikugusa kalamu.

Sikuombi unisamehe, maana huwezi kunijibu, na mimi nitajijibia kwa niaba yako, nilivyozoea. Nakuahidi jambo moja dogo. Jumatatu ninakwenda naye wilayani. Yeye atasoma. Mimi nitasimama pembeni yake, bila suti, ili wakimuuliza kwa nini barua imechelewa hivi, asihangaike kutafuta maneno, aninyooshee tu kidole.

Lala salama, Mama Kulwa.

Ni mimi,
Baba Neema, fundi cherehani