Siku Baba Alipokikagua Chuo

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mlalo hatujambo, babu yako anakusalimu, na viazi vimekubali. Umeuliza kama mama yako ana haja ya kufunga safari kukiona chuo kabla hujachagua.

Enzi za Ujamaa, baba yangu alikataa kuniruhusu niende chuo cha ualimu kabla hajakiona. Tulipofika, hakutazama madarasa. Alikwenda moja kwa moja kwenye shamba la wanachuo, akamwambia mkuu wa chuo, "Matuta mmeyateremsha na mlima. Mvua itabeba udongo wote."

Niliona aibu, nikajua nafasi imepotea. Mkuu akavua koti. "Mzee, tuonyeshe."

Walilima pamoja hadi adhuhuri. Njiani baba akasema, "Utasoma pale. Wanakubali kufundishwa."

Nenda na mama yako. Akiuliza swali la kukuaibisha, sikiliza anavyojibiwa.

Mungu akutunze,
Bibi yako