Kipandio cha Kwanza

Jumanne, 4 Machi

Basi ngazi za nyumba ya kaka kapewa wifi azichore. Nimesikia kwa Mama, kwenye simu, katikati ya habari za goti lake. Eti zitakuwa zile za wazi, hazijazibwa nyuma ya vipandio, ukikaa sebuleni unaona mpaka bustanini. Mama alivyofurahi! Nikasema hongera yao. Hongera! Ulimi wangu una adabu kuliko mimi.

Miaka kumi na moja nachora ngazi. Ngazi tu – si nyumba, si majiko, si mapazia. Watu nisiowajua wanapanda na kushuka juu ya hesabu zangu kila siku. Kaka yangu wa tumbo moja anajenga, halafu anampa mkewe, mtu wa kupanga makochi na kuchagua rangi za ukuta.

Roho inaniuma. Nimeshasema.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia kaka. Kwa utani-utani, najifanya sijali. Akasema: mwaka juzi nilikutajia, ukanijibu tutaona. Nikasubiri uone.

Kweli nilimjibu hivyo. Nilitaka aniombe mara ya pili. Kumbe mwenzangu hajui kubembeleza.

Kwenye kompyuta yangu kuna faili la ngazi za nyumba hiyo, linaitwa Chumba cha Mama Juu. Tangu mwaka juzi nalichezea. Mama mwenyewe ndiye aliyetaka chumba cha ghorofani akihamia kwa kaka – kalala chini maisha yake yote, anasema, sasa anataka kuamka aone paa za watu. Leo nimelifungua, nimelitazama, nimelifunga.

Jumatatu, 10 Machi

Haya sasa! Bosi kaniwekea karatasi mezani – ramani ya wifi. Karakana yetu ndiyo itakayokata chuma, na mimi ndiye wa kuwaandalia wachomeleaji vipimo. Yaani niwe karani wa wifi yangu.

Boriti moja inapita katikati, vipandio vya mbao nene vimekaa juu yake kama vinaelea. Nzuri. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: ni nzuri kuliko yangu.

Nikaanza kutafuta kosa kama mtu anayetafuta kiroboto kwenye shuka. Kwanza nafasi kati ya kipandio na kipandio. Hapo wageni wa kazi hii huchemsha, wanaacha tundu la kupitisha kichwa cha mtoto. Yeye kaweka nondo nyembamba chini ya kila kipandio. Kafikiria! Nikazidi kuudhika. Reli ya kushikia – sawa. Upana – sawa.

Saa tisa alasiri nikalipata.

Kapima kutoka zege hadi zege. Sakafu ya chini bado iko uchi. Ikija saruji ya kusawazisha na vigae juu yake, itainuka sentimita tano na nusu. Juu hapaongezwi kitu, zege litang'arishwa tu. Kwa hiyo kila hatua itakuwa sentimita kumi na saba, isipokuwa ya kwanza – hiyo itabaki kumi na moja na nusu. Siku ya kufunga hakuna atakayeona. Vigae vikishawekwa, itajulikana kwa miguu.

Na miguu hukariri. Hatua ya kwanza ikiudanganya mguu, ya pili inaukwaza. Kushuka ndiyo balaa zaidi, sakafu inakuwahi kabla hujajiandaa. Ngazi zangu za kwanza kabisa nilikosea hivyohivyo, bosi akanitukana mbele ya karakana nzima.

Kurekebisha ni nusu saa kwenye kompyuta. Sikurekebisha. Nimekwenda kunywa chai.

Jumanne, 11 Machi

Wifi kaniandikia: Wifi yangu, naomba uzipitie namba kabla hawajakata. Mimi ni mtu wa mwanga na rangi, namba ni zako. Mwishoni kaweka vimoyo vitatu.

Nikausoma ujumbe jikoni, nikausoma ofisini, nikausoma tena chooni. Hapo ndipo ningesema. Angeshukuru sana, angesema wewe ndiye fundi, na ngazi zingebaki zake. Mimi ningebaki mtu wa kusahihisha daftari la mwenzangu.

Nikajibu: Ziko sawa.

Ijumaa, 21 Machi

Chuma kimekatwa. Mchomeleaji wetu, yule tunayemwita Cheche, ananiuliza kama vipimo vimezingatia sakafu. Nikamwambia mwenye ramani ndiye anayejua. Akanitazama. Akashusha kinyago chake usoni akaendelea kuchomelea.

Jumamosi, 29 Machi

Zimefungwa. Nilikwenda. Sikutaka kwenda, nikajikuta napaka mafuta ya midomo.

Majirani wamejazana sebuleni, vichwa juu. Jua linapita katikati ya vipandio, linachora mistari ukutani. Kila mtu na wifi, wifi na kila mtu. Kisha yeye mwenyewe akanishika mkono, akanivuta mbele: namba zote kazipitia huyu, bila huyu tungekuwa tunapanda kwa kamba!

Wakapiga makofi. Nikafurahi – ndiyo, nilifurahi, sekunde mbili hivi. Halafu nikasikia baridi mpaka kwenye kucha.

Alhamisi, 3 Aprili

Mama amenipigia. Anafanya mazoezi kila asubuhi. Muuguzi wa goti lake kamwambia ngazi za wazi humtia mtu kizunguzungu akitazama chini, kwa hiyo asitazame: macho mbele, mkono kwenye reli, ahesabu hatua kwa sauti. Anahesabu kwenye ngazi za kliniki, zote sawasawa.

Nikamuuliza, huogopi? Akasema aliogopa mwanzoni. Alimuuliza kaka, kaka akamwambia dada yake ndiye aliyezikagua. Basi, anasema, nitapanda hata nikiwa nimefumba macho.

Nikamwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Jumatatu, 7 Aprili

Fundi vigae kaanza leo. Nimeandika ujumbe kwa wifi mara nne, nimeufuta mara nne. Nikisema sasa, ataniuliza uligundua lini. Nitasema lini?

Mwezi mmoja uliopita ilikuwa nusu saa yangu mwenyewe. Sasa ni kung'oa boriti, kukata upya, vipandio kumi na sita vyote kuhamishwa. Na bado namwonea kijicho! Jana kaka kaweka picha ya ngazi mtandaoni, sifa kedekede, nami nikazihesabu.

Jumamosi, 12 Aprili

Vigae vimeisha. Nimepita jioni, nikasingizia nimesahau mwavuli. Nikakipima kipandio cha kwanza kwa tepu.

Kumi na moja na nusu. Hesabu yangu haijakosea hata unywele mmoja. Ni mara ya kwanza kuichukia.

Nikapanda bila kutazama, kama Mama atakavyopanda. Hatua ya pili nikajikwaa. Mimi, ninayejua!

Mama anahamia kesho.

Jumapili, 13 Aprili

Daftari hili halijawahi kutoka nyumbani. Leo nimelibeba kwenye mkoba pamoja na tepu. Nimefika kabla yao, nimekaa kwenye kipandio cha kwanza. Kifupi hivi kwamba magoti yangu yamekuja kifuani. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Nitamwambia kaka pembeni. Hapana, wifi kwanza. Hapana –

Gari limeingia.

Mama kavaa raba mpya, nyeupe. Anatembea vizuri jamani! Wifi kashika simu, anataka video ya Mama akipanda mara ya kwanza. Ananiambia, pisha kidogo wifi yangu. Nimesema namalizia mstari mmoja. Kaka anacheka, eti hata leo unaandika?

Nimeivuta tepu, nimeisimamisha ubavuni mwangu, kutoka kwenye kigae mpaka juu ya kipandio nilichokalia. Nimeibana hapo isijirudi.

Mama yuko mbele yangu. Mkono kwenye reli, macho juu, kama alivyofundishwa. Anasema sogea, mwanangu, nimeshaanza kuhesabu.

Sijasogea.

Wifi kainama kuiondoa tepu isiharibu video yake. Kaisoma. Ameitazama hatua ya pili, ameitazama tena tepu. Simu kaishusha. Sasa ananitazama mimi, na si kwa kushangaa. Anahesabu siku tangu nimwandikie ziko sawa.

Mama anauliza, mbona kimya?